Mwenye Sanduku Si Mwenye Siri



Wasomaji wetu watukufu, akina baba na akina mama, na nyinyi vijana ambao aghalabu ndio mnaowasomea wazee ukurasa huu baada ya chakula cha usiku: mwezi huu nilikusudia kuzungumza juu ya jambo jingine, lakini limetokea jambo nyumbani kwangu hapa Babati, nikaona lile la kwanza lingoje. Ni jambo la aibu kidogo kwangu, kwani mimi ndiye mwenye nyumba, na lililotendeka lilitendeka chini ya paa langu. Nalisimulia kwa sababu naamini si nyumba yangu peke yake iliyo na sanduku kuukuu.

Baba yangu mkubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoka Kondoa akahamia Babati akali kijana. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu wa mtaani ndoa zao na talaka zao, wasia wao na madeni yao. Wenye ugomvi walimwendea, na wenye maradhi walimwendea. Alipofariki aliacha sanduku moja la bati. Ndani yake mlikuwamo misahafu miwili, vitabu vya fiqhi, maulidi yaliyonakiliwa kwa mkono, barua za jamaa, na daftari nne nene, zile tuziitazo kaunta buku, zilizojaa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, anasoma chuo kikuu Dodoma. Alikuja likizo, akalifungua sanduku, akakuta mchwa wamekwisha kula kitabu kizima, limebaki gamba tu. Alihuzunika sana. Basi akachukua simu yake, akaanza kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa, kwa nia ya kuzipeleka picha hizo katika maktaba ya intaneti, ili kazi ya babu yake isipotee na watu wa mbali waisome. Nia yake ilikuwa njema, nami nilimsifu.

Lakini jioni ya siku ya pili, kwa furaha ya ujana, alichagua ukurasa mmoja wa daftari, akaugeuza kwa herufi za Kirumi ili wenziwe wasiosoma Kiarabu wapate kuuelewa, akautuma katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Alitaka vijana waone jinsi babu yao alivyokuwa hodari wa kuamua mashauri. Kufika Ijumaa ukurasa ule ulikuwa umekwisha toka katika ukoo, umefika Singida na Arusha.

Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri, nikasikia hodi mlangoni: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kwa sauti ndogo. Alikuwa mama mmoja mzee wa mji huu. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu.” Hakutaka chai. Aliketi mkekani, fimbo yake magotini, akasema:

“Mwanangu, mimi kwa marehemu nilikuja usiku, nimejifunika, nisionwe na mtu. Maneno yangu nilimwambia yeye, na Mungu alikuwa akisikia. Jana mjukuu wangu aliyeko Arusha ameniuliza kwa simu, ‘Bibi, ni kweli?’ Yule bwana amekwisha kufa, nami nilimsamehe kabla hajafa. Basi ni nani aliyempa kijana wenu ruhusa ya kulifukua?”

Sikuwa na jibu.

Sitasema ukurasa ule ulikuwa na khabari gani. Nikisema, nitakuwa nimeipeleka mbali zaidi kuliko alivyoipeleka kijana. Hata haya machache nimeyaandika baada ya kumwomba mama huyo idhini. Alinipa kwa sharti kwamba nisitaje jina, wala mtaa, wala mwaka.

Alipokwisha ondoka, mpwa wangu, ambaye alikuwa amesimama ukutani machozi yakimlengalenga, aliniambia neno ambalo nalo lina haki yake: “Mjomba, nimekosa kuutuma ukurasa ule. Lakini tukilifunga sanduku, mchwa watakula yaliyobaki. Mchwa hawapigi hodi.”

Nimelifikiri neno la mama yule na neno la kijana wiki nzima, nikaona yote mawili ni kweli. Tumeonywa vikali, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, juu ya mtu anayeulizwa elimu akaificha. Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayemsitiri Muislamu mwenziwe ameahidiwa kusitiriwa na Mwenyezi Mungu. Asiyefikiri ataona maonyo haya yanavutana. Kwa hakika elimu ni kitu kimoja na siri ya mtu ni kitu kingine, ijapokuwa vyaweza kukaa katika sanduku moja, na pengine katika ukurasa mmoja. Kazi ya mwenye akili ni kuvitenga.

Na kosa letu lilianzia wapi? Lilianzia pale tuliposema, “Sanduku ni letu.” Naam, bati ni letu, na karatasi ni zetu kwa urithi. Lakini maneno yaliyomo, mengine hatukuyarithi. Yaliwekwa kwa marehemu kama mtu awekavyo fedha kwa jirani yake anaposafiri. Jirani akifa, watoto wake hawarithi fedha ile. Wanarithi wajibu wa kuirudisha. Basi vivyo hivyo mwenye sanduku si mwenye siri.

Suratun-Nur imetufunza tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Na Mtume, sallallahu alayhi wasallam, ameeleza kwamba idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Litazameni jambo hili, enyi vijana. Mtu akisimama nje akachungulia dirishani, miguu yake haijaingia, lakini amekwisha ingia. Na maktaba ya intaneti ni nyumba ambayo watu huiingia kwa macho tu, usiku na mchana, kutoka kila nchi, wala mwenyewe hawaoni.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu sisi wa Manyara. Sauti za watu wa Babati zimo tayari katika maktaba za namna hii. Mtaalamu wa lugha Andrew Harvey amekusanya mazungumzo na maarifa ya Wagorowa, wenyeji wa nchi hii iliyo chini ya Mlima Kwaraa, kwa sauti na kwa picha, akayaweka katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini iitwayo ELAR. Hifadhi hiyo ilikuwa katika chuo cha SOAS, London, na mwaka 2021 ilihamia Berlin, Ujerumani. Faida yake ni kubwa: mtoto wa Kigorowa ambaye hajazaliwa ataweza kusikia jinsi wazee wake walivyokuwa wakisema.

Lakini linalotufunza zaidi ni milango ya hifadhi hiyo. Haina mlango mmoja. Yako mambo ambayo kila mtu huyafungua. Yako mengine ambayo sharti mtu ajiandikishe kwanza, ajulikane ni nani. Na yako ambayo hayafunguki mpaka uombe ruhusa kwa aliyeyaweka, naye akubali au akatae. Kwa maneno yetu: uwanja, sebule, na chumba cha ndani. Nani kati yetu ampokeaye kila mgeni chumbani?

Huko Australia, watu wa kabila la Warumungu, wa nchi ya Tennant Creek, walitaka picha za wazee wao zirudi kwao kwa njia ya kompyuta. Wakakuta kwamba maktaba za kawaida hazijui kuuliza: picha hii ni ya wanaume au ya wanawake? Aliyemo yu hai au amekufa? Basi kwa kushirikiana na wataalamu wakatengeneza programu yao, wakaiita Mukurtu. Katika lugha yao neno hilo ni mfuko ambamo vitu vitukufu huhifadhiwa chini ya ulinzi wa wazee. Atakaye kutazama kilichomo humwendea mzee na kumwomba. Leo programu hiyo yatumiwa na jamii nyingi ulimwenguni. Nasi Waislamu tulikuwa na adabu iliyo karibu na hiyo zamani: mwanafunzi hakusomesha kitabu cha mwalimu wake kwa kuwa tu amekinakili, alingoja ijaza.

Katika pwani yetu yako mafunzo mengine. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, mpango ulioanza mwaka 2004. Kanuni ya mpango huo ni kwamba hati zenyewe hubaki kwa wenyewe, na kinachosafiri ni picha. Vitabu vya fiqhi na vya kumsalia Mtume viliandikwa ili visomwe. Kuvifungua ni kuendeleza nia ya walioviandika, na katika vitabu vya namna hiyo kijana wangu alikuwa na haki tangu mwanzo.

Lakini Oktoba 2023 Maktaba hiyo ya Uingereza, pamoja na ukubwa wake wote, ilivamiwa na wezi wa kompyuta. Waliiba gigabaiti zipatazo 600, zikiwamo khabari za wafanyakazi na za wasomaji, wakazimwaga hadharani walipokosa fidia waliyoidai, na huduma nyingi zikakaa miezi bila kufanya kazi. Ikiwa kufuli la nyumba kubwa kama ile limevunjwa, basi mtu asijidanganye kwamba neno akishalipakia na kulifunga limefungika kabisa. Yako maneno ambayo dawa yake ni kutopakiwa popote.

Tena tutazame Zanzibar. Katika nyaraka za huko zimo daftari zenye majina ya watumwa walioachwa huru. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, ya zama za Sayyid Hamoud bin Mohammed, ilimpa mtumwa njia ya kwenda mbele ya hakimu kudai uhuru wake, na mwenye mtumwa alipwe fidia. Masuria hawakuingia katika haki hiyo mpaka mwaka 1909. Je, majina hayo yafunguliwe kwa kila mtu? Mmoja atasema yafungwe, kwani wako watu mpaka leo wanaomcheka mtu kwa asili yake, na ukurasa mmoja waweza kuvunja posa ya binti. Mwingine atasema: babu yangu hakuandikwa popote ila pale, mkiufunga ukurasa ule mmemzika mara ya pili, na kumsitiri bwana wake kuliko yeye.

Mimi naona huyu wa pili ana haki isiyoweza kusahauliwa. Aibu ya utumwa ni ya aliyemtumikisha mwenziwe, si ya aliyetumikishwa. Lakini namna ya kufungua ina uzito. Mjukuu anayemtafuta babu yake afunguliwe, asaidiwe kusoma, na aambiwe kwa upole. Mwenye kutafuta neno la kumpigia jirani yake hana haki hiyo. Ukurasa ni ule ule. Kinachotofautiana ni haja.

Na haja ni jambo ambalo wanazuoni wetu walilipima zamani. Imamu Nawawi ametaja katika Riyadh as-Salihin sababu sita zinazomruhusu mtu kutaja la mwenziwe ambalo kwa desturi lingekuwa kusengenya. Miongoni mwake ni mwenye kudhulumiwa anayetafuta haki yake, mwenye kuomba fatwa, na mwenye kuwaonya watu na shari. Sababu hizo ni vipimo vyema hata kwa maktaba. Mjane anayetafuta ushahidi wa ndoa yake ili apate mirathi, afunguliwe. Mwenye kutaka kuchekesha kundi la simu, asifunguliwe.

Serikali nayo imekwisha liona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika nchini tarehe 1 Mei 2023, na khabari za maradhi ya mtu zimehesabiwa humo kuwa nyeti, zinazotaka hadhari zaidi ya nyingine. Lakini sheria ya nchi haiingii katika kila sanduku la bati. Huko huingia dhamiri ya mwenye nyumba.

Basi baada ya kushauriana na dada yangu na wazee wawili wa ukoo, tuliketi sebuleni siku moja nzima pamoja na kijana, tukayapanga yaliyomo mafungu matatu. Nayataja ili mwenye sanduku kama letu apate pa kuanzia.

Fungu la kwanza ni elimu: vitabu, maulidi, na maelezo ya baba mkubwa juu ya mirathi na nyakati za sala. Haya yamepigwa picha yote, na kijana ana idhini ya ukoo kuyapeleka katika maktaba yoyote yenye kuaminika, kila mtu ayasome.

Fungu la pili ni mambo ya ukoo wetu wenyewe: barua, nasaba, hesabu za shamba. Haya yamepigwa picha, nayo yatakaa kwetu. Atakayeyataka atatuambia ni nani na anayatakia nini, nasi tutajibu. Wala hatukuona vema kijana mmoja aamue peke yake kwa ajili ya wote, wala mzee mmoja.

Fungu la tatu ni zile daftari nne. Hizi ndizo zilizotuchukua tangu Adhuhuri mpaka Magharibi. Mzee mmoja alitaka zichomwe. Kijana alisema kuzichoma ni kuwadhulumu wale ambao ndoa zao na haki zao hazina ushahidi mwingine. Tukaafikiana hivi: kuhifadhi ni jambo moja, na kufungua ni jambo jingine. Zimepigwa picha ili mchwa wasizimalize; picha zimewekwa katika kifaa kidogo kisichounganishwa na intaneti, ndani ya sanduku jipya lenye kufuli, na picha zilizokuwa katika simu zimefutwa. Juu yake tumeweka karatasi yenye maneno machache: ukurasa wowote husomewa yule aliyetajwa humo, au mrithi wake mwenye haja ya haki, mbele ya watu wawili wa nyumba hii. Wala isisemwe, “Amekwisha kufa, hana siri tena.” Maiti wa Kiislamu huoshwa akiwa amefunikwa nguo, na hao waoshao ni watu wanaompenda. Je, aliyetutaka tumfunike mwili wake angependa tumfunue jina lake?

Ulibaki ukurasa wa mama yule. Nilimwendea kwake mimi na mpwa wangu. Kijana alimwomba radhi mwenyewe, kwa kinywa chake, naye akampokea. Kisha nikamwambia kwamba tuko tayari kuukata ukurasa wake na kuuchoma mbele yake. Akanyamaza kitambo. Akauliza, “Mna jina la mtoto humo?” Nikasema limo. Akaniomba nimsomee, kwani yeye macho hayamsaidii. Nikamsomea ukurasa wote, kijana amekwisha toka nje bila kuambiwa. Nilipofika penye jina la mtoto akanisimamisha, akataka nilirudie. Mtoto huyo alikufa mchanga, wala jina lake halikupata kuandikwa pahali pengine.

“Msiuchome,” akasema. “Ufungeni.”

Ingekuwa vizuri niwaambie kwamba mambo yamekwisha hapo, lakini hayakwisha. Mpwa wangu alimwandikia kila mtu aliyemtumia ukurasa ule, akawaomba waufute, na wao wawaombe wale waliowatumia. Wengi wamejibu kwamba wamefuta. Wawili, mpaka siku niandikapo, hawajajibu. Na waliokwisha kuusoma, ni nani awezaye kuufuta vichwani mwao? Nguo ikipasuka hushonwa, lakini mshono huonekana.

Enyi vijana, mmepewa chombo ambacho wazee wetu hawakukiota. Kwa simu moja mwaweza kuokoa kwa siku tatu kazi ambayo mwandishi aliitumikia umri wake wote. Okoeni, wala msingoje, kwani mchwa hawangoji na mvua haingoji. Lakini kabla ya kutuma, ulizeni maswali mawili: ni nani aliyetajwa humu, na je, nimempigia hodi? Ikiwa yu hai, mwendeeni. Ikiwa amekufa, waendeeni wanawe. Ikiwa hajulikani, basi jiwekeni mahali pake, mjijibu kwa haki.

Nanyi akina baba na akina mama, msiwaachie vijana masanduku peke yao kisha mkawalaumu. Ketini nao. Waambieni lipi ni la kusomwa na watu wote na lipi liliingia nyumbani usiku, limejifunika.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na wazazi wetu, na atujaalie kuwa wenye kurudisha amana kwa wenyewe. Amin.